Kidonda Kilichomtaka Kuka Aseme

Mwaka ule nyumba yetu ilinuka shuka lililopigwa pasi. Sisemi harufu ya nguo safi za Jumapili, ile kila mtu anaijua. Nasema harufu ya shuka kuukuu lililochanwa vipande vya upana wa vidole vinne, vikachemshwa kwa maji ya chumvi katika sufuria ambayo Mama aliapa kutoipikia chakula tena, vikaanikwa ndani mbali na nzi, kisha vikapitishwa pasi ya makaa vingali na unyevu, mpaka mvuke ukajaa chumba na macho yakawasha. Tulikaa Jinja, katika laini za askari wa magereza, nyumba za matofali zilizoshikana mbavu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, ukipiga chafya jirani anakuitikia pole. Baba alikuwa askari. Majirani zetu walikuwa Waacholi, Walango, Wateso na Wagisu kama sisi, na lugha iliyotuunganisha ilikuwa Kiswahili. Si hiki ninachoandika, bali kile cha laini, kilichokatwa kichwa na mkia. Mjini hawakukipenda. Wengi walikuwa wamekisikia mara ya kwanza kinywani mwa mtu mwenye bunduki, na mama zetu walipokwenda sokoni walijitahidi kuulizia nyanya kwa Kisoga ili wasikunjiwe uso. Sisi watoto hatukuwa na lugha nyingine ya kuchezea. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mdomo mrefu, mtoto wa kike peke yake katika nyumba ile.

Vile vitambaa vilikuwa vya kufungia kidonda cha Kuka. Hivyo ndivyo sisi Wagisu tunavyomwita babu. Kuka alikuwa baba wa baba yangu, mzee aliyekwisha kupita sabini, mjane, mkulima wa kahawa na ndizi kwenye miteremko ya juu ya Mbale, na katika ujana wake yeye pia alikuwa askari wa magereza. Mvua za masika zilipoanza, utumbo wake ulijisokota. Vijana walimshusha mlimani kwa machela ya mianzi, kwa zamu, huku njia inateleza, mpaka hospitali mjini Mbale, akapasuliwa siku hiyohiyo, na kila mtu akamshukuru Mungu. Siku ya tisa, mishono ingali mibichi, aliona haya kutekewa maji na mtoto wa watu. Akainuka kitandani, akaenda bombani na ndoo. Aliirudisha ndoo imejaa na mishono imeachia. Daktari alipomuuliza kwa nini amefanya vile, alijibu kwamba ndoo ilikuwa ndogo. Baba alipopata habari hizo alisema sikio la kufa halisikii dawa, halafu akajiziba mdomo kwa kulitamka jambo kama hilo juu ya mzazi wake.

Kidonda kikaingia uchafu, kikawa hakishoneki tena. Daktari alieleza kwamba sasa kitaachwa wazi, kijazwe shashi au vitambaa safi kila siku, kipone kuanzia chini kuja juu, nyama kwa nyama, na kwamba kwa mtu wa umri ule si kazi ya wiki mbili tatu. Kule mlimani nani angemfanyia hivyo kila siku? Ndipo Baba akamleta Jinja, kwenye gari dogo la mizigo lililobeba kabichi, Kuka amelazwa juu ya godoro katikati ya magunia, amevaa koti lake la kanisani na kofia. Alishuka mbele ya nyumba yetu akakataa kushikwa mkono. Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa Sista Amoding, Mteso, mke wa askari mwenzake Baba, muuguzi katika zahanati. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi tititi, mwenye raba nyeupe alizozipaka chokaa kila jioni. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuja siku ya kwanza kumpa mgeni pole, akaomba kukiona kidonda, akakitazama kwa muda, kisha akasema kwamba atakuwa anapita kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alipita kweli, mvua inyeshe isinyeshe, hadi siku kazi yake ilipokwisha, na sikumbuki asubuhi hata moja aliyokosa.

Kuka alikuwa na haraka yake. Mwaka ule uligawanyika kwa mbili, na katika miaka ya namna hiyo ndipo sisi Wagisu hutahiri vijana wetu. Kaka yangu Wamimbi alikuwa na miaka kumi na minane na zamu yake ilikuwa imefika. Mwezi wa kumi na mbili angesimama uani kwa Kuka, kule juu ya Mbale, mbele ya ukoo mzima. Na kabla ya kisu, mwili wa kijana hupakwa chachu ya pombe ya ulezi. Kazi hiyo Kuka aliwafanyia wanawe wote, na aliapa kwamba mjukuu wake wa kwanza hatapakwa na mkono mwingine. Kila alipoamka aliuliza zimebaki siku ngapi. Kwa asiyejua mila hiyo, niseme tu kwamba kijana husimama wima, mchana, watu wote wamemkodolea macho, na hatakiwi kutikisika, kulia wala kupepesa ukope. Anayetetemeka hujitia aibu ambayo watoto wake watakuja kuimbiwa. Kuka alikuwa amesimama mwaka wake kama gogo, na wazee wa rika lake walikuwa bado wanasimulia. Ndiyo maana operesheni ya Mbale ilimkera hadi mwisho. Walimlaza usingizi, wakamkata hajui. Alilizungumza jambo hilo kwa sauti ya mtu aliyeibiwa mbuzi.

Basi akaamua kwamba sehemu iliyobaki ataifanya kiume. Siku ya kwanza Sista Amoding alipoanza kuitoa ile shashi iliyogandamana na nyama, alimwambia Kuka ajilaze. Kuka akakataa, akakaa wima kwenye kiti cha Baba, mikono juu ya magoti, macho mbele. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya chumvi. Niliona kidonda kwa mara ya kwanza, shimo ambalo ngumi yangu ingeingia. Kuka hakutikisa hata mvi moja ya ndevu. Sista alimuuliza, kwa Kiswahili chetu cha laini, "Mzee, hapa nauma?" Kuka akajibu, "Hapana uma." Akagusa pengine. "Na hapa?" "Hapana uma, Sista. Wewe fanya kazi." Nilijiona nimeyaona maajabu. Nilitoka pale nikakimbia kuwatangazia watoto wenzangu kwamba babu yangu anatolewa nyama kwa koleo na hafumbi jicho. Hawakuamini. Nikawaambia waje kesho.

Wakaja. Walisimama juu ya mawe nje ya dirisha, vichwa vimepangana, Waacholi kwa Wateso, wakamtazama Kuka machoni wakisubiri apepese. Hakupepesa. Kesho yake wakaja wengi zaidi, na mmoja akaja na dumu tupu la mafuta ya kula, na kwa kuwa niliwafundisha wimbo mmoja wa kwetu wa msimu wa tohara, wakaanza kulipiga dumu na kuimba maneno wasiyoyaelewa, Sista akiwa ndani anavuta shashi. Mama alitoka na ufagio. Kuka akamzuia. "Acha watoto," alisema, "acha wanaona." Tangu siku hiyo akawa anachana ndevu kabla Sista hajafika. Mama alisema nyumba yake imegeuzwa uwanja wa ngoma. Sista alitikisa kichwa na kusema kwamba kwao Teso mtu akiumwa analia, kisha anapona, hakuna anayemwimbia. Mimi nilivimba kichwa. Katika laini zile kila mtoto alikuwa na kitu cha kujivunia, huyu baba yake alikuwa na baiskeli, yule redio. Mimi nilikuwa na Kuka.

Wiki sita za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Haba na haba hujaza kibaba, na shimo lile lilijaa vivyo hivyo: chini pakawa pekundu, pakang'aa, shashi iliyokuwa inaingia urefu wa mkono wangu ikawa inaingia nusu. Mama alitembea mpaka Masese, kando ya ziwa, kununua vichwa vya sangara na dagaa, kwa sababu Sista alisema nyama haijengwi kwa ndizi peke yake, na Kuka, ambaye kule mlimani hakuwahi kuwaheshimu samaki, alikula huku amefumba macho. Halafu kidonda kikasimama. Juu kilikuwa kinakaza mdomo kama kinachotaka kufunga, lakini ndani hakikujaa, na upande wa kushoto ngozi ikawa ngumu, inang'aa. Sista alikuwa anauliza maswali yaleyale, anabonyeza hapa, anabonyeza pale. "Hapana uma." Alikuwa anarudi hatua mbili na kukitazama kidonda kama mtu aliyepoteza ufunguo. Na dirishani watoto waliimba.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Mimi nilijua. Kwa kuwa nilichuchumaa na bakuli langu karibu na miguu yake, niliona kitu ambacho Sista, aliyekuwa ameinamia tumbo, hakuweza kukiona. Uso wa Kuka ulikuwa umetulia, mikono imetulia, lakini Sista alipobonyeza upande wa kushoto, dole gumba la mguu wa kushoto lilijikunja, likajificha chini ya wenzake. Siku ya kwanza nilidhani ni inzi. Siku ya pili nikaelewa, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ningesemaje? Kama dole lilijikunja, basi Kuka alikuwa ametikisika. Wale niliowaita kumtazama wangemcheka, habari ingefika Mbale, na yeye aliyesimama kama gogo angeingia kaburini na jina la mtu aliyetetemeka. Nikaona wajibu wangu ni kusogeza bakuli ili dole lisionekane kutoka dirishani. Nililisogeza kwa siku kumi au zaidi, na nikajiona mjukuu mwema.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba tulimkuta amejifunika mablanketi mawili na meno yanagongana. Sista alimshika paji la uso, akauondoa mkono haraka. Watoto walikuwa wameshapanda mawe yao, dumu mkononi.

"Mzee, wewe iko na homa. Hii homa natoka wapi?"

"Malaria tu. Huku kwenu Jinja mbu iko mingi."

Sista akafunua kidonda. Akabonyeza upande wa kushoto taratibu sana. "Hapa nauma?"

"Hapana uma," alisema Kuka, na jasho lilikuwa linamshuka puani.

Dole, lililochungulia nje ya blanketi, likajikunja. Sijui nilipata wapi ulimi. "Sista," nilisema, "angalia dole yake ya mguu. Ukigusa hapo najikunja. Kila siku najikunja." Mama alinipiga kofi la mgongo, akaniambia ninyamaze, tangu lini mtoto akamsema mkubwa mbele ya watu. Sista hakumsikiliza Mama. Aliinama, akalitazama dole, akabonyeza tena, akaliona. Kisha akamtazama Kuka, na Kuka akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha mzee yule, akitetemeka ndani ya mablanketi, akageuka kwa Sista.

"Mtoto nasema kweli," alisema. "Nauma. Nauma sana, Sista. Nauma mpaka mimi naona giza."

Alisema kwa sauti ya kusikika nje. Angeweza kunong'ona, na hakunong'ona. Niliwasikia wale watoto wakishuka kwenye mawe mmoja baada ya mwingine, bila kukimbia. Sista Amoding akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamshika Kuka mkono, akasema, "Asante, Mzee. Sasa mimi najua njia." Kisha akamtuma Mama akamwite Baba kazini upesi.

Hospitali ya Jinja walimpasua upande ule na wakatoa usaha wa kujaza bakuli. Daktari alimwambia Baba kwamba zingepita siku mbili zaidi tungekuwa tunazungumza habari za jeneza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Waswahili walilisema zamani, na Baba alilirudia njia nzima ya kurudi nyumbani akisukuma baiskeli yake. Kidonda sasa kilikuwa kikubwa kuliko siku aliyoletwa na kabichi. Kazi yote ya wiki zile ilikuwa imekwenda na maji. Kuka alikaa hospitalini siku kumi na nne na mimi sikwenda kumwona hata mara moja. Nilisingizia shule, nilisingizia tumbo. Niliamini nimemvua nguo mbele za watu. Aliporudi, nikawa napita nyuma ya nyumba. Siku ya pili akaniita, "Nambozo, kuja," na hapakuwa na pa kukimbilia.

Aliniketisha karibu na miguu yake, palepale penye bakuli. Akaniuliza niliona dole lake siku ngapi. Nikamwambia nyingi. Akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Nikaanza kulia, nikasema niliogopa watamcheka. Kuka alinitazama, akaanza kucheka, akalishika tumbo kwa mikono miwili kwa sababu kicheko kinavuta kidonda, akasema, "Na mimi naogopa hiyohiyo." Hiyo ndiyo siku nilipompenda babu yangu kabisa. Kabla ya hapo nilikuwa namtazama tu.

Tukaanza upya. Ila Kuka aliyekaa kitini sasa alikuwa mtu mwingine, au tuseme alikuwa yuleyule mkaidi, amegeuza ukaidi wake upande mwingine. Kama alivyokuwa bingwa wa kunyamaza, akawa bingwa wa kueleza. Sista alikuwa hajafungua mkoba wake, Kuka keshaanza: leo chini inachoma, jana ilikuwa inavuta, upande wa kulia panawasha, na kuwasha huku si kwa usaha, ni kwa aina nyingine. Sista alimwambia kwamba kuwasha kwa namna ile ni nyama mpya inakuja, na Kuka akafurahi kama mtu aliyepewa cheo. Ilibidi atafute maneno. Kigisu chake kilikuwa na maneno mengi ya maumivu lakini Sista hakukijua, na Kiswahili alichojifunzia kazini kilikuwa cha simama, hesabu, funga mlango. Akawa anaazima neno moja kutoka Kiganda, jingine kwa Mama, jingine anaunda mwenyewe. Mimi nilimsikiliza kila asubuhi kwa mshangao. Lugha ambayo watu wa mjini waliikimbia, ambayo yeye mwenyewe aliitumia miaka ishirini na tano kuamrisha wafungwa, ilikuwa inafundishwa kusema inauma wapi.

Haikuwa rahisi, na nisiifanye ionekane rahisi. Mwezi wa tisa alikuja mzee mmoja kutoka kwetu, Mzee Gidudu, wa rika la Kuka, aliyesimama naye mwaka mmoja. Alileta mianzi michanga iliyokaushwa kwa moshi, ile mboga tunayoipenda, na habari za kahawa. Alikuwapo Sista alipofika, akamsikia Kuka akisema, "Taratibu hapo, nauma." Mzee Gidudu aliweka kikombe chini. "Wewe?" alimwambia. "Mwanaume mzima? Mbele ya mwanamke?" Nilimwona Kuka akinywea. Aibu ile ilimpata kweli, iliingia mahali ambapo kisu hakifiki. Akavuta pumzi, akasema, "Kisu ya kwanza nataka mimi nyamaza. Mimi nyamaza. Hii ya daktari nataka mimi sema." Mzee Gidudu hakumaliza chai yake. Yeye alifariki miaka michache baadaye, kwa uvimbe ambao mkewe aliuona siku ya kumwosha. Namtaja bila kumcheka, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa, na alifundishika vizuri.

Shashi ikapungua: kutoka mkono mzima hadi kiganja, kutoka kiganja hadi kidole. Mwezi wa kumi na moja Sista alikitazama kidonda akasema leo hakina pa kuingiza kitu, afunike tu juu. Mama alikaa jikoni akalia peke yake, kisha akaitupa ile sufuria. Kuka aliuliza zimebaki siku ngapi. Zilikuwa zimebaki ishirini na moja. Sista Amoding akasema anaweza kusafiri, mradi asibebe ndoo. Siku ya kuondoka Kuka alipita mlangoni kwake na kofia mkononi, akapiga saluti, ile ya zamani ya askari, na Sista, mke wa askari, akaijibu.

Basi, niliiona siku ile. Uani kwa Kuka, juu ya Mbale, ngoma tangu alfajiri, ukungu unashuka kwenye kahawa, na Kuka ameshika chungu cha chachu ya ulezi. Kovu lake lilikuwa halijakauka vizuri. Palibaki sehemu ya ukubwa wa punje ya hindi, imefunikwa kitambaa. Alimpaka Wamimbi kichwa, uso, kifua na mikono, polepole, hakuacha mahali. Wamimbi akasimama. Hakutikisika. Nilitazama miguu yake, mimi peke yangu katika umati ule wote nadhani, na madole yake yalikuwa yametulia juu ya udongo. Watu wakapiga vigelegele na Kuka akanyanyua kofia juu akalia machozi waziwazi, wala hakuyafuta.

Kesho yake mchana Kuka aliniambia nibebe sahani, tukaingia kwenye nyumba alikolala Wamimbi. Kwa desturi, aliyetahiriwa hagusi chakula kwa mikono yake mpaka aoshwe mikono, hulishwa. Kuka akaketi akaanza kumlisha ndizi. Baada ya matonge mawili akamuuliza, "Nauma?" Wamimbi, akiwa na uso uleule wa jana, akajibu, "Haiumi, Kuka." Kuka aliweka sahani chini. Akafungua vifungo vya shati, akaonyesha lile kovu refu lililopinda, lenye tawi lake upande wa kushoto, akalishika kwa kidole pale kwenye tawi. "Hii nilipata kwa sababu ya neno hiyo," alisema. "Kule nje wewe namaliza. Watu nakwisha kwenda. Sasa mimi nauliza." Kaka yangu alitazama lile kovu, akanitazama mimi, na midomo ikaanza kumcheza. Akasema inauma. Akasema inauma sana na usiku hakulala. Akalia, kijana wa miaka kumi na minane mwenye mabega kama mlango, na babu yake akamwambia, "Haya, eleza vizuri," akamsikiliza hadi mwisho.

Kuka aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na alipofikia mwisho wake alituambia maumivu yanaanzia wapi na yanapita wapi, tukaweka mikono yetu hapo. Siku hizi mambo ni mengine. Nakaa Jinja bado, upande wa Wanyange, na nikiwa na mgonjwa naweza kukipiga kidonda picha kwa simu nikamtumia daktari asiyekijua chumba chetu. Shashi zinauzwa zimefungwa kwenye karatasi, safi, hakuna anayechemsha shuka. Sidai kwamba zamani palikuwa pazuri zaidi. Mtu wa leo mwenye tumbo kama la Kuka angepona kwa nusu ya muda ule. Ila sijamwona tena mtu anayepita kila asubuhi, miezi minane, kumuuliza mzee swali moja na kulingoja jibu. Na jambo jingine limebadilika, la nyumbani kwetu tu. Kule Mbale wanaume wa ukoo wetu wana sifa mbaya. Majirani wanasema ni watu wa kulalamika, mwiba ukiwachoma wanaita kikao. Wamimbi ndiye kinara wao. Anakaribia hamsini, ana duka la jumla mjini, ana wajukuu, na hunipigia simu nikiwa kazini kunieleza goti lake: limeanza lini, linavuta au linachoma, linazidi akipanda ngazi au akishuka. Ananichosha kweli, na chakula changu cha mchana kinapoa. Sijawahi kumkatia simu.